Pikipiki ya Mlimani: Kuinunua Tayari au Kuiongezea Vyuma?

Katika bweni letu hapa Mbale kuna mabishano yasiyokwisha juu ya pikipiki. Wenzangu wamebandika picha ndani ya vifuniko vya masanduku yao, picha za zile pikipiki kubwa za safari zenye masanduku mawili ya alumini ubavuni, vyuma vya kukinga injini, na kioo cha kukata upepo. Mara moja moja tunaziona zenyewe huko Jinja, wageni wanapokuja kutazama mto Nile unavyotoka ziwani. Basi kila Jumamosi swali ni lile lile: mtu akipata fedha, anunue pikipiki iliyokwisha kufungwa kila kitu kiwandani, ama anunue ya kawaida kisha aiongezee vitu mwenyewe kidogo kidogo?

Mimi sina pikipiki. Lakini kwetu ni Jinja, na likizo zangu nyingi nazipitisha katika gereji ya mjomba wangu, nikimshikia spana na kuosha vipuri kwa petroli. Kaka yangu mkubwa naye ni afisa wa kilimo katika vilima vya huku Mbale, na kazi yake yote ni juu ya pikipiki. Kwa hiyo naomba nafasi katika ukurasa wetu wa Kiswahili niwaeleze wasomaji wenzangu niliyoyaona pande zote mbili.

Kwanza yafaa tujue kwamba swali hili si la wenye mali peke yao. Pikipiki kubwa za safari zilianza kupata sifa mwaka 1980, kampuni ya BMW ya Ujerumani ilipotoa ile R80G/S, iwezayo kwenda vizuri juu ya lami na juu ya udongo pia. Mwaka uliofuata Mfaransa mmoja, Hubert Auriol, ambaye kwa bahati alizaliwa Addis Ababa, alishinda nayo mashindano ya kutoka Paris hadi Dakar. Tangu hapo kila kiwanda kimetaka kuwa na yake. Lakini sisi watu wa mashariki ya Uganda tulikuwa tumekwisha kuanza kazi ya kuongeza vitu zamani kuliko hapo. Katika miaka ya 1960, pale mpakani Busia, vijana waliokuwa na baiskeli walifunga mto juu ya keria ya nyuma na kuwapakia wasafiri kutoka kituo cha upande mmoja hadi kituo cha upande wa pili. Wakawa wanaita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka, wakilirudia mara mbili, na ndiyo asili ya boda boda. Biashara nzima, ambayo leo inalisha nyumba nyingi sana, ilizaliwa siku mtu alipofunga mto juu ya keria isiyokusudiwa kukalia mtu!

Sasa tuitazame pikipiki iliyonunuliwa tayari. Mfano wake huku kwetu si BMW, bali ni Yamaha AG. Herufi hizo mbili zinatokana na neno la Kiingereza la kilimo. Ilitengenezwa kwa ajili ya wafugaji wa Australia na New Zealand, watu wanaozunguka kutwa katika mashamba makubwa wakifuata ng'ombe na kondoo, na maofisi mengi ya Afrika ya Mashariki yameinunulia maafisa wa kilimo na wa afya kwa miaka mingi. Iko AG100, yenye injini ya mipigo miwili, na iko AG200, yenye injini ya mipigo minne. Kaka yangu amepewa AG200 na ofisi yake, nami nimeichunguza sana anapokuja kunitazama shuleni.

Ukiitazama kwa haraka utadhani ni pikipiki mbaya. Haina urembo wowote. Lakini kila kitu kina maana yake. Ina keria mbele na nyuma. Ina vyuma vya kukinga injini na miguu, na vingine vya kukinga vishikio visivunjike ikianguka. Stendi zake za ubavuni ni mbili, moja kushoto na moja kulia, maana katika mteremko upande mmoja huwa chini kuliko mwingine, na mwenye stendi moja hulazimika kutafuta jiwe. Klachi ina kitasa kidogo cha kuizuia, ili mfugaji aweze kufungua lango bila kuzima injini. Na jambo kubwa kuliko yote: mnyororo umefunikwa wote ndani ya kasha. Anayeujua udongo wa vilima vya huku wakati wa mvua ataelewa. Matope yenye mchanga yakiingia katika mnyororo hufanya kazi ya tupa; yanausugua mchana kutwa mpaka unalegea, na meno ya gia ya nyuma yanachongoka kama ya msumeno.

Hata hivyo AG ina upungufu wake, na mjomba hachoki kuutaja. Kiti ni kifupi, maana yule mfugaji husafiri peke yake, pengine na mbwa wake juu ya keria. Mtu wa boda boda ataipeleka wapi pikipiki isiyo na mahali pa abiria? Tena bei yake ni kubwa, na vipuri vyake havipatikani katika kila kituo cha biashara. Kaka yangu alipovunja kebo ya klachi ilimbidi aagize, akakaa kwa siku nyingi akitembea kwa miguu. Kebo ya Bajaj Boxer angeinunua hapo hapo, katika duka linalouza chumvi na sabuni.

Hiyo Boxer ndiyo ninayotaka kuizungumza kwa urefu kidogo, kwa sababu ndiyo inayokuja gerejini kwetu kila siku. Ni pikipiki ya Kihindi, ya sisi 100 au 150, nyepesi, isiyokunywa mafuta mengi, na kila fundi wa Uganda anaijua kama anavyoujua mkono wake. Inatoka dukani ikiwa tupu. Katika muda wa mwezi mmoja mwenyewe amekwisha kuibadilisha. Kiti kinafumuliwa na kurefushwa. Vyuma vinafungwa mbele ya injini. Keria inachomelewa nyuma. Vinaongezwa vikanyagio kwa ajili ya abiria wa pili (jambo ambalo polisi hawalipendi, nami siwalaumu). Wengine hufunga mwavuli mkubwa, na karibu wote huweka kinga-matope ndefu ya mpira yenye maneno ya kujisifu.

Mjomba wangu ana namna yake ya kuvigawa vitu hivi. Husema pikipiki ina mifupa na ina nguo. Keria, kiti, taa, sanduku, mwavuli na vyuma vya kukinga miguu, hizo ni nguo. Mtu anaweza kuvaa leo na kuvua kesho. Fremu, magurudumu, springi na shokapu, breki, na lile kasha la mnyororo, hiyo ni mifupa. "Mpwa wangu," aliniambia siku moja tulipokuwa tukinyoosha fremu iliyopinda, "nguo nitakushonea hata usiku. Mfupa usiniombe."

Niliporudi shuleni nilitaka kujua kama maneno yake yanapatana na yale tunayofundishwa katika somo la fizikia, nami naona yanapatana sana. Chukua mfano wa keria. Katika pikipiki ndogo, kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma ni kama mita 1.25. Ukiweka gunia la kahawa la kilo 60 juu ya keria ndefu, uzito wake ukawa sentimeta 25 nyuma ya ekseli ya nyuma, utadhani gurudumu la nyuma limeongezewa kilo 60. Sivyo. Piga hesabu ya wenzo: gurudumu la nyuma linabeba kilo 72, na la mbele linapunguziwa kilo 12, kana kwamba mtu amelishika na kuliinua. Kwenye lami ya Jinja hutaona kitu. Lakini ukipanda mlima, mteremko wenyewe unazidi kuurudisha uzito nyuma, na gurudumu la mbele ndilo la kuongozea. Likiwa jepesi mno, unageuza usukani na pikipiki haisikii. Kwa hiyo keria ile ile, iliyochomelewa na fundi yule yule, ni salama katika mji mmoja na ni hatari katika mwingine, na tofauti ni sentimeta chache tu.

Halafu kuna habari ya kuchomelea. Jinja ni mji wa viwanda tangu lilipofunguliwa bwawa la umeme la Owen Falls mwaka 1954, na mafundi wa kuchomelea hawakosekani. Kazi yao ni safi. Lakini moto wa kuchomelea hubadilisha chuma kilicho kando ya kiungo, na bomba jembamba la fremu hubaki dhaifu mahali pale, ijapokuwa kiungo chenyewe ni kigumu. Tena fremu nzuri hucheza kidogo inapopita mashimo. Ukiishikiza keria nene isiyocheza, mchezo wote unakusanyika pale kigumu kinapokutana na chepesi, na hapo ndipo ufa unapoanza. Mjomba huipendelea keria ya kufungwa kwa vibano na bolti. Ikilegea unaikaza, ikikuchosha unaitoa, na fremu inabaki kama ilivyotoka kiwandani. Mteja akishika sana kwamba ichomelewe, mjomba kwanza hutenga waya za betri, maana umeme wa kuchomelea ukipita katika nyaya za pikipiki huunguza vifaa vya moto wa injini, na mtu hujikuta amelipa keria na kununua mtambo mpya wa umeme.

Taa nazo zina hesabu yake. Vijana hupenda kuongeza taa mbili kubwa mbele. Taa mbili za wati 35, kwa betri ya volti 12, zinataka karibu ampea 6, na jenereta ya pikipiki ndogo haikuandaliwa kulisha wageni wengi namna hiyo. Betri hufa pole pole, na mwenyewe humlaumu muuza betri. Siku hizi zipo taa za LED zinazotumia umeme kidogo, nazo zimepunguza shida hii sana.

Msifikiri kwamba aliyenunua tayari hana hofu ya mambo haya. Mwaka 2004 wachezaji wawili wa sinema, Ewan McGregor na Charley Boorman, walisafiri kutoka London hadi New York kwa kupitia mashariki, juu ya pikipiki kubwa za BMW zilizofungwa kila kitu cha safari, pamoja na mpiga picha wao. Zilikuwa na mizigo mingi kupita kiasi. Huko Mongolia fremu ya pikipiki ya mpiga picha ilikatika, ikabidi ipakiwe katika lori, na mwenyewe akanunua pikipiki ya Kirusi ya bei ndogo akaendelea nayo. Masanduku ya kiwandani ni mazuri, lakini sanduku zuri humtia mtu tamaa ya kulijaza.

Sasa twende barabarani. Kutoka Jinja kuja Mbale unapita Iganga, unashika njia ya Tirinyi, unavuka kinamasi cha Mpologoma, na mpaka unauona ukingo wa Wanale mbele yako hakuna kilima cha kuitisha pikipiki. Boxer yenye nguo nyingi inakwenda vizuri kabisa. Mambo hubadilika unapoiacha lami na kupanda kuelekea Budadiri au Bududa. Udongo ni mwekundu na una utelezi, njia zimechimbwa na maji, na hewa inapungua. Kwa kadiri, injini hupoteza sehemu ya kumi ya nguvu zake kila inapopanda mita 1,000, na mlima Elgon unafika mita 4,321, ingawa mashamba ya kahawa hayafiki huko juu. Malori hayawezi kuingia vijiji vingi. Ardhi yenyewe si ya kuaminika. Wengi wetu tumesikia kwa wazazi habari za maporomoko ya Nametsi, Bududa, tarehe 1 Machi 2010, yaliyofukia watu pamoja na nyumba zao. Katika vijiji hivyo kitakachofika ni punda, au mtu kwa miguu, au pikipiki.

Huko ndiko anakokaa binamu yangu, ambaye kwa misimu mitatu ameweka akiba ya fedha za kahawa ili anunue pikipiki ya kuteremsha magunia na kubeba abiria. Fedha zake zilitosha Boxer mpya na ziada kidogo. Au AG kuukuu iliyouzwa na ofisi fulani mjini, ikiwa na keria zake zote na kasha la mnyororo. Baba yake alitaka AG, kwa kuwa ni chuma cha watu wa serikali. Mjomba alipelekewa habari, akauliza swali moja tu: nani amekwisha kuipima fremu yake? Hakuna aliyejibu. Pikipiki ya ofisi imepita katika mikono ya watu wengi, na hakuna aliyeitunza kama mali yake. Vyuma vinavyoonekana nje vyaweza kuwa kamili, na mifupa ndani imechoka.

Yafaa pia kukumbuka habari ya deni. Wengi hununua Boxer kwa mkopo na kulipa kila juma. Mpaka malipo yaishe pikipiki si mali yako, na mwenye mali hapendi kuona fremu yake imekatwa na kuchomelewa. Ndiyo sababu nyingine ya kupenda vibano na bolti.

Kabla sijaeleza binamu alifanya nini, lazima nitaje kazi moja ambayo naiona ni ya juu kuliko zote: kubeba wagonjwa. Huku Mbale shirika la Wales liitwalo PONT, lililounganisha mji wa Pontypridd na Mbale tangu mwaka 2005, lilisaidia kuleta pikipiki zenye kitanda cha mgonjwa ubavuni, ili mama mwenye uchungu wa kuzaa asiteremshwe mlimani amekalia keria. Jinja nako liko shirika la FABIO, ambalo kwa miaka mingi limeshughulika na baiskeli, pamoja na baiskeli za kukokota kitanda cha mgonjwa. Uchunguzi mmoja uliofanywa Malawi, wilaya ya Mangochi, ukatangazwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba pikipiki za namna hii zilipunguza muda wa kumfikisha mama hospitali kwa saa 2 hadi 4 na nusu, na kwamba bei ya moja ilikuwa ndogo mara 19 kuliko ya motakaa ya wagonjwa.

Nilimwuliza mjomba kama yeye angeweza kuchomelea kitanda cha ubavuni kwenye Boxer. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Akasema kukichomelea ni kazi ya siku mbili, lakini asingemlaza mtu ndani yake. Pikipiki ya magurudumu mawili hulala upande inapopiga kona; ukiifunga gurudumu la tatu haiwezi kulala tena, na nguvu zote za kona zinaingia katika fremu na spoki kwa ubavu, upande ambao hazikutengenezwa kuvumilia. Ikipigwa breki inavutwa upande mmoja. Chombo cha namna hiyo lazima kibuniwe chote pamoja, kuanzia fremu. Kitanda cha kukokota nyuma ni afadhali kidogo, kwa kuwa kina magurudumu yake yenyewe na kiungo kinachocheza. Lakini kwenye mteremko wa matope kinaisukuma pikipiki kutoka nyuma, na breki za Boxer zilihesabiwa kwa Boxer peke yake. Hapa, basi, mimi nasema bila kusita: kinunuliwe tayari, hata kama kijiji kizima kitachanga.

Kwa binamu mambo yalikwenda vingine. Alinunua Boxer tupu. Ile ziada hakuitia katika vyuma vya kung'aa. Aliileta pikipiki Jinja, na mimi mwenyewe nilikuwapo wakati wa kazi. Spoki za gurudumu la nyuma zilitolewa zote zikawekwa nene zaidi. Gia ya nyuma ya meno 42 ilibadilishwa ikawekwa ya meno 45. Kwa kuwa ile ya mbele ina meno 14, nguvu ya kuvuta iliongezeka kwa sehemu 7 katika mia, na mwendo wa lami ukapungua kwa kadiri hiyo hiyo, jambo ambalo mlimani halimsumbui mtu. Keria ilifungwa kwa vibano vinne, fupi, na gunia likasogezwa mbele mpaka likagusa kiti. Akauliza kama anaweza kupata kasha la mnyororo kama la AG. Mjomba akatikisa kichwa, akamkatia bamba la mpira la kuzuia matope ya gurudumu, akampa chupa ya mafuta na kumwambia aupake mnyororo kila jioni akiisha kuuosha.

Sasa ana mwezi wa tano. Kaka yangu alimkuta juma lililopita katika kilima kimoja juu ya Budadiri, wote wawili wamesimama katika mvua. AG ilikuwa imeegeshwa kwa stendi yake ya upande wa juu wa mlima. Binamu alikuwa akitafuta jiwe. Spoki hazijakatika hata moja. Taa za ziada bado hajafunga, anangoja kahawa ya Novemba.